Aliyerudi Artigat: Uchambuzi wa Kisa cha Martin Guerre kwa Jicho la Riwaya ya Fumbo

Riwaya ya fumbo inayomrudisha mhusika katika mji mdogo alikozaliwa huanza karibu kila mara na msiba, barua au hati ya urithi, kisha humwongoza msomaji kuelekea jambo la zamani ambalo familia ilikubaliana kutolitaja. Muundo huo umezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kulisahau swali lililo ndani yake: siri hiyo imeishije miaka yote hiyo mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu? Kisa ninachokichambua hapa kinalijibu swali hilo vizuri kuliko riwaya nyingi nilizozisoma, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu kilitokea kweli. Ni kisa cha Martin Guerre, mkulima wa kijiji cha Artigat, chini ya milima ya Pirenei kusini-magharibi mwa Ufaransa, aliyetoweka mwaka 1548, akarudi mwaka 1556, kisha akarudi kwa mara ya pili mwaka 1560 akiwa mtu mwingine kabisa.

Habari zake tunazo hasa kwa sababu mmoja wa majaji walioisikiliza kesi hiyo, Jean de Coras wa mahakama kuu ya Toulouse, aliandika maelezo marefu yaliyochapishwa Lyon mwaka 1561. Tangu hapo wanahistoria, waandishi wa riwaya na watengenezaji wa filamu hawajaacha kukirudia. Wengi wao wamevutwa na ulaghai wenyewe, wakitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kujifanya mwingine mbele ya mke, baba mdogo na dada wa huyo anayemwigiza. Kwa maoni yangu, ulaghai ni sehemu ndogo ya fumbo hili. Sehemu kubwa iko kwa waliompokea, na mwandishi anayetaka kujenga riwaya ya kurudi nyumbani atapata faida zaidi akiwachunguza hao.

Namna Martin alivyoondoka

Familia ya Guerre haikuwa ya wenyeji wa Artigat. Baba yake Martin, Sanxi Daguerre, alihama mwaka 1527 kutoka Hendaye, katika nchi ya Wabaski karibu na mpaka wa Uhispania, akiwa na mkewe, mwanawe mdogo na ndugu yake aitwaye Pierre. Walianzisha kazi ya kutengeneza vigae, wakapata ardhi, wakajifunza lugha ya wenyeji, na jina lao likafupishwa likawa Guerre. Walifanikiwa haraka, na dalili ya mafanikio hayo ni ndoa waliyoipata: mwaka 1538 Martin, akiwa na umri wa miaka kama 14, aliozwa Bertrande de Rols, binti wa familia ya wenyeji yenye uwezo, ambaye naye alikuwa bado mtoto.

Hapo ndipo siri ya kwanza ilipozaliwa, ingawa katika kijiji kile haikuwa siri kwa mtu yeyote. Kwa miaka minane wenzi hao hawakuweza kukutana kama mume na mke. Watu walisema wamelogwa. Jamaa za Bertrande walimshauri aachane na mumewe, jambo ambalo sheria ya kanisa ingeliruhusu kwa ndoa ya namna hiyo, naye akakataa. Mwishowe, baada ya misa kadhaa na dawa za kuondoa uchawi, walipata mtoto wa kiume, akapewa jina la babu yake, Sanxi. Coras aliuhesabu ukataaji ule wa Bertrande kuwa ushahidi wa heshima yake. Mimi naona pia kitu kingine ndani yake, ambacho mwandishi wa riwaya hapaswi kukipita haraka: msichana aliyefunguliwa mlango halali wa kutoka, na bado akaamua kubaki huku kijiji kizima kikimcheka mumewe, ni mtu anayepima mambo yake mwenyewe na asiyeyumbishwa na ushauri wa wakubwa. Uamuzi huo aliufanya miaka mingi kabla mlaghai yeyote hajatokea.

Mwaka 1548 Martin alishutumiwa kwamba ameiba nafaka ya baba yake. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kwa familia ya Kibaski wizi wa ndani ya nyumba ulikuwa aibu kubwa, na kijana aliyekwisha kuchekwa kwa miaka minane hakuwa na akiba ya heshima ya kumlinda. Akaondoka bila kuaga. Alimwacha mke, mtoto mchanga na urithi, akavuka kwenda Uhispania, na kwa miaka minane Artigat haikupata habari yake yoyote.

Wepesi wa sababu hiyo una mafunzo. Mwandishi wa siku hizi, akiulizwa kwa nini mhusika wake aliukimbia mji, hutafuta mauaji, kifo cha maji au moto uliounguza nyumba. Hapa kulikuwa na nafaka kidogo tu, baba mkali, na ndoa iliyokuwa imefanywa mzaha wa kijiji. Sababu ndogo iliyoshuhudiwa na watu wengi humfukuza mtu kwa nguvu kuliko sababu kubwa iliyofichwa, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuitaja ili impate kila anapotoka nje.

Nafasi iliyoachwa wazi

Kuondoka kwa Martin kulimweka Bertrande mahali pasipo na jina. Hakuwa mjane, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kifo, na bila uthibitisho huo sheria ya kanisa haikumruhusu kuolewa tena, hata mumewe awe amekaa nje miaka mingapi. Hakuwa mke pia, kwa kuwa hakuwa na nyumba yenye mume ambamo angepata sauti. Wazazi wa Martin walifariki. Baba, kabla ya kufa, alimsamehe mwanawe na kumwachia urithi. Pierre, baba mdogo, akawa msimamizi wa mali kwa niaba ya mrithi asiyejulikana aliko. Pierre huyohuyo alimwoa mama yake Bertrande, aliyekuwa amefiwa na mume, na hivyo kwa Bertrande akawa kwa wakati mmoja baba mdogo wa mumewe, baba wa kambo, na mshika funguo za mali ya mwanawe.

Nimeutaja mpangilio huu kwa kirefu kwa sababu ndani yake ndimo kisa kizima kimekaa. Kabla ya mgeni kufika, tayari palikuwa na watu wanne au watano ambao maisha yao yangenyooka endapo Martin angerudi. Bertrande angepata mume na hadhi. Mtoto Sanxi angepata baba. Dada zake Martin wangempata ndugu, na familia ingemwona mrithi wake akikaa mahali pake. Hata Pierre, mwanzoni, angefurahi, kwani wosia wa kaka yake ungetimia na kazi ya kiwanda ingepata mikono zaidi. Nyumba nzima ilikuwa imeandaa umbo la mtu asiyekuwepo, na yeyote ambaye angeingia akiwa na sura inayokaribia angekuta wenyeji wako tayari kumsaidia kulijaza.

Aliyeingia alikuwa Arnaud du Tilh, kijana wa Sajas katika Gascony, msemaji mzuri mwenye kumbukumbu kali, ambaye naye aliwahi kuondoka kwao na kwenda vitani. Kwa maelezo aliyoyatoa alipokiri, wazo lilimjia pale watu wawili waliomjua Martin walipokutana naye njiani wakamdhania kuwa ndiye. Akachukua muda wake kukusanya habari: majina ya majirani, mambo ya siku ya harusi, ugomvi wa zamani. Mwaka 1556 alifikia kwanza katika nyumba ya wageni ya kijiji jirani na kuacha habari zimtangulie. Dada zake Martin ndio waliokwenda mbio kumpokea. Bertrande alisita, kisha mgeni akamtajia mambo ya wawili tu, ikiwemo soksi ndefu nyeupe alizoziacha ndani ya sanduku siku alipoondoka, naye akamkumbatia. Pierre pia alisita hadi alipokumbushwa mambo waliyoyafanya pamoja.

Sanduku hilo linastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayependa riwaya za aina hii. Katika hadithi nyingi, sanduku hufunguliwa karibu na mwisho ili litoe barua inayofichua kila kitu. Hapa limefunguliwa mwanzoni, na kazi yake ni kinyume: soksi zile hazikuthibitisha kwamba mgeni ni Martin, ila ziliwapa waliotaka kuamini sababu ambayo wangeweza kuitamka mbele za watu. Kitu kidogo cha nyumbani kikitumiwa hivyo katika riwaya, msomaji hukipokea kama ushahidi katika sura ya pili na kugundua katika sura ya ishirini kwamba kilikuwa ruhusa.

Inafaa pia kukumbuka jinsi watu wa wakati ule walivyokuwa na vipimo vichache vya utambulisho. Mkulima hakuwa na picha yake iliyochorwa. Amri ya kifalme iliyowataka mapadri wa Ufaransa watunze daftari za ubatizo ilitolewa Villers-Cotterêts mwaka 1539, wakati Martin alikuwa amekwisha kuzaliwa na kuozwa. Saini ya mtu asiyejua kuandika haikuwepo. Mtu alitambulika kwa sababu wenzake walimtambua, basi.

Hesabu za Pierre

Kwa karibu miaka mitatu Martin mpya aliishi Artigat kwa amani. Alilima, akafanya biashara, akapata na Bertrande mabinti wawili, ambao mmoja, Bernarde, ndiye aliyebaki hai. Kama mambo yangeendelea hivyo tusingekuwa na kisa. Yaliharibika siku mgeni alipotaka fedha.

Alianza kuuza na kukodisha vipande vya ardhi, na akafikiria kuiuza mali ya ukoo iliyobaki Hendaye, jambo lililomuudhi sana Pierre, kwa kuwa Wabaski hawakuiona ardhi ya mababu kuwa bidhaa ya mtu mmoja. Kisha akamdai Pierre hesabu za miaka yote aliyosimamia mali ya kaka yake. Pierre alikataa, naye mgeni akampeleka mahakamani. Tangu siku hiyo macho ya Pierre yalianza kuona yale ambayo kwa miaka mitatu hayakuyaona: kwamba mpwa wake huyu hajui Kibaski isipokuwa maneno machache, kwamba Martin alikuwa mwepesi wa kucheza upanga na huyu hana habari nao, kwamba mtoto Sanxi hafanani naye. Fundi viatu wa kijiji alisema kwamba mguu wa Martin ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu huyu kwa vipimo kadhaa, na mguu wa mtu mzima haupungui. Askari mmoja aliyepita njia alidai kwamba Martin wa kweli alipoteza mguu katika vita vya Saint-Quentin.

Katika hili naona kiini cha kisa kwa mtu anayeandika. Fundi viatu alikuwa na kipimo chake tangu mwaka 1556. Lugha ya Kibaski haikupotea ghafla mwaka 1559. Ushahidi wote ulikuwepo hadharani, umetandazwa kama nguo juani, na hakuna aliyeuokota mpaka mtu mmoja alipopata hasara. Ndiyo maana mhusika anayerudi katika mji wake akitaka kujua ukweli hapaswi kuuliza kwanza nani alimuua nani. Aulize nani amekuwa akitunza mali, shamba la nani limepakana na la nani, na ni lini mara ya mwisho hesabu zilisomwa kwa sauti. Siri za familia hukaa salama kwa muda ule ambao kila anayezijua anapata kitu kwa kukaa kimya, na huanza kuvuja pale mgao unapobadilika. Pierre hakuwa mtu wa haki aliyeamka usingizini, wala hakuwa mwongo. Alikuwa anasema kweli kwa sababu mbaya. Mhusika wa namna hiyo ni adimu katika riwaya za fumbo, na kukosekana kwake kunazifanya nyingi ziwe nyepesi, kwa kuwa ndani yake mwenye tamaa ndiye mwongo na mwenye moyo safi ndiye mkweli, na msomaji hana kazi tena.

Kijiji kiligawanyika. Wapo waliomuunga mkono mgeni, wapo waliomuunga mkono Pierre, na nyumba ya Guerre yenyewe ikapasuka katikati. Dada zake Martin walishikilia kwamba huyu ni ndugu yao. Pierre na wakwe zake walimpiga mgeni kwa silaha, na Bertrande akajilaza juu yake ili kuyakinga mapigo.

Mbele ya majaji

Mwanzoni mwa mwaka 1560 Pierre, kwa kutumia jina la Bertrande, alimkamata mgeni na kumshtaki huko Rieux. Mashahidi wapatao 150 walisikilizwa. Zaidi ya 40 walisema mshtakiwa ni Arnaud du Tilh, au angalau si Martin. Kati ya 30 na 40 walisema ni Martin. Waliobaki, karibu 60, walisema hawawezi kuamua. Wengi walikubaliana kuhusu alama zilezile za mwilini, kovu la paji la uso, chunjua za mkononi, doa la damu katika jicho, lakini alama hizo walizigawa kwa watu wawili tofauti. Mahakama ya Rieux ilimwona ana hatia na kumhukumu kifo. Akakata rufaa Toulouse.

Idadi ya wale wasioweza kuamua ndiyo inayonivutia kuliko zote. Watu 60 walioishi karibu na mtu huyo, waliofanya naye biashara na kusali naye, walisimama chini ya kiapo wakasema hawajui. Baadhi yao bila shaka walikuwa wakweli. Lakini katika mji mdogo, kutojua ni msimamo wenye manufaa yake: hukufanya usigombane na Pierre, wala na Bertrande, wala na yeyote atakayeshinda. Riwaya inayotaka kuuonyesha mji kama mji, badala ya kuufanya mandhari tu, inahitaji watu wa aina hii, wasio wabaya wala wema, ambao kauli yao ya kutojua ndiyo ukuta anaougonga kila anayechunguza.

Toulouse, Coras na wenzake walimkuta mshtakiwa akijibu kila swali bila kubabaika. Aliyataja mambo ya nyumbani kwa undani, majibu yake yakalingana na ya Bertrande, na alimshambulia Pierre kwa hoja ya tamaa ya mali, hoja ambayo ilikuwa na ukweli ndani yake. Coras alikuwa mtaalamu wa sheria ya Kirumi, na alizingatia kanuni ya zamani isemayo kwamba ni afadhali kumwacha mwenye hatia bila adhabu kuliko kumhukumu asiye na hatia. Alizingatia pia kwamba sheria huipendelea ndoa na mtoto aliyezaliwa ndani yake. Mahakama ilikuwa inaelekea kumwachilia mshtakiwa ndipo, mwishoni mwa Julai 1560, akatokea mtu mwenye mguu wa mti, akasema yeye ndiye Martin Guerre.

Martin wa kweli alikuwa ametumikia Burgos katika nyumba ya kardinali Mhispania, akaingia katika jeshi la Uhispania, na akapigwa risasi ya mguu huko Saint-Quentin tarehe 10 Agosti 1557, akipigana upande wa maadui wa mfalme wa Ufaransa. Jambo la kushangaza ni kwamba, walipohojiwa, mlaghai aliyakumbuka mambo ya Artigat vizuri kuliko mwenyewe. Halishangazi sana ukilitafakari: mmoja alikuwa ameyasoma maisha yale kwa bidii kwa kuwa uhai wake uliyategemea, na mwingine alikuwa ametumia miaka kumi na miwili akijitahidi kuyasahau. Waandishi wa riwaya za kurudi nyumbani wangefanya vyema kumpa mhusika wao kumbukumbu mbovu. Aliyeondoka kwa uchungu hana picha kamili ya nyumbani. Ana vipande alivyovichagua, na mara nyingi wageni wa baadaye wanaujua mji wake kumzidi.

Dada zake Martin walipomwona mwenye mguu wa mti walimtambua papo hapo. Mjomba wa Arnaud, Carbon Barrau, alimtambua mpwa wake na kulia. Mahakama ilitoa hukumu mwezi Septemba: mlaghai aombe radhi hadharani mbele ya kanisa la Artigat, kisha anyongwe mbele ya nyumba ya Martin Guerre. Alikiri kabla ya kufa, akanyongwa tarehe 16 Septemba 1560.

Alichokijua Bertrande

Siri ya mtungi aijuaye kata. Swali ambalo mahakama haikulijibu, na ambalo linakifanya kisa hiki kiendelee kuandikwa baada ya zaidi ya miaka 460, ni kama Bertrande alijua. Mwanahistoria Natalie Zemon Davis, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alihoji kwamba alijua, tena mapema, na kwamba wawili hao waliijenga ndoa yao kwa makubaliano, yawe ya maneno au ya kimya. Mwaka 1988 Robert Finlay alimpinga katika jarida la wanahistoria wa Marekani, akisema kwamba nyaraka hazitoi ushahidi wa makubaliano hayo na kwamba watu wa wakati ule walimwona kuwa ametapeliwa kama wenzake.

Nikiyapima matendo yake, nakubaliana zaidi na Davis, ingawa si kwa sababu ya hoja ya kitandani, kwamba mke anayelala na mumewe hawezi kumkosea, ambayo wengi huitanguliza. Matendo matatu ndiyo yanayonishawishi. La kwanza ni kujilaza juu ya mtu aliyekuwa akipigwa na baba yake wa kambo mwenyewe. La pili ni kwamba, kabla tu ya mgeni kukamatwa na watu wa Pierre, Bertrande alimpokea nyumbani kwa upendo aliporudi kutoka kifungo kingine, ilhali siku iliyofuata jina lake lilikuwa limewekwa katika mashtaka. La tatu ndilo zito zaidi. Mbele ya majaji, mshtakiwa alisema kwamba yuko tayari kufa endapo Bertrande ataapa kuwa yeye si mumewe Martin Guerre. Bertrande hakuapa kwamba ndiye, wala hakuapa kwamba siye.

Kimya hicho kilipimwa kwa uangalifu. Kuapa kwamba ni mumewe kungemfanya, kama ukweli ungejitokeza, mwenye kiapo cha uongo na mzinifu kwa kujua. Kuapa kwamba si mumewe kungemuua mtu huyo. Akiwa mlalamikaji kwa jina na mtetezi kwa matendo, aliuacha mlango wazi pande zote mbili, na mlango huo ndio uliomwokoa. Mhusika wa namna hii hahitaji sura ya mwisho ya kukiri. Mwandishi akimlazimisha Bertrande wake aseme "nilijua tangu mwanzo," atakuwa amempokonya kitu pekee ambacho mwanamke huyo alikuwa nacho katika nyumba iliyomilikiwa, kusimamiwa na kugombewa na wanaume.

Martin wa kweli hakumhurumia. Bertrande alipopiga magoti akitetemeka na kuomba msamaha, akieleza kwamba alidanganywa na imani ya dada zake Martin, mumewe alimkatalia kisingizio hicho na kumwambia kwamba wengine wangeweza kukosea lakini mke hana udhuru wa kutomjua mumewe. Majaji walimkumbusha kwamba chanzo cha yote ni yeye aliyeitelekeza nyumba yake. Hata hivyo hawakumwadhibu, si kwa utelekezaji wala kwa kupigana dhidi ya mfalme.

Kuhusu Bertrande, mahakama iliamua kwamba alitenda kwa nia njema, na uamuzi huo haukuwa wa huruma tu. Mtoto Bernarde angehesabiwa kuwa halali ikiwa mzazi wake mmoja aliamini kweli kwamba ndoa ni halali. Ili mtoto asiitwe mwana wa haramu na aweze kurithi mali ya Arnaud, ilihitajika mama yake awe ametapeliwa. Kwa hiyo sheria yenyewe ilikuwa na sababu ya kutomchunguza zaidi, kama vile dada, majirani na wale watu 60 walivyokuwa na sababu zao. Nasema haya bila kuwalaumu majaji. Walikuwa na mamlaka ya kumnyonga mtu na walikuwa na mtoto mchanga mbele yao, wakachagua. Michel de Montaigne, katika insha iliyotoka mwaka 1588, aliona kwamba katika kesi kama hii mahakama ingefanya vyema kutangaza kuwa haielewi chochote. Ni rai ya mtu mwenye busara ambaye hakutakiwa kuamua ni nani atakayemlea Bernarde.

Kisa hiki katika riwaya ya leo

Mwandishi anayekipeleka kisa cha aina hii katika zama zetu atakutana na kikwazo kimoja kikubwa. Tangu Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984, huko Leicester, njia ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba, swali la "huyu ni nani" linaweza kujibiwa na maabara. Mgeni wa leo asingemaliza miaka mitatu. Tone la mate lingemtosha Pierre. Nimewasikia waandishi wakilalamika kwamba sayansi imeua fumbo la utambulisho, nami siafikiani nao. Kipimo kingemaliza sehemu ndogo ya kisa, ile ya Arnaud, na kuiacha sehemu kubwa ikiwa nzima. Hakuna maabara inayoweza kuonyesha ni lini dada alianza kushuku, kwa nini fundi viatu alikaa na kipimo chake, au ni kitu gani Bertrande alijiambia moyoni siku soksi nyeupe zilipotajwa. Riwaya inayotegemea jibu la maabara itaisha siku matokeo yanapofika. Inayotegemea waliobaki itaanza siku hiyo.

Lipo pia suala la nani asimulie. Masimulizi mengi ya kisa hiki yamesimama upande wa mke, wa mlaghai au wa jaji, na kila upande una uzuri wake. Ningemwomba mwandishi mpya amfikirie Sanxi, mtoto aliyeachwa akiwa mchanga, akalelewa kuanzia umri wa miaka kama tisa na mtu mcheshi mwenye maneno mengi, kisha, akiwa na miaka kama kumi na mitatu, akapewa baba wa kweli mwenye mguu wa mti na moyo mgumu, ambaye alilazimika kumheshimu kwa kuwa ndiye mwenye jina. Coras anamtaja hasa katika hoja ya kufanana au kutofanana, na hakuna aliyeandika maneno yake. Nyaraka za baadaye zinaonyesha kwamba Martin alipata watoto wengine wa kiume baada ya kurudi, ambao wangegawana na Sanxi ardhi ileile iliyoanzisha ugomvi. Akikua, akaondoka, kisha akarudi akiwa mtu mzima kudai fungu lake, angekuta Artigat ileile, wenyeji walewale walioapa kuwa hawajui, na dada mmoja, Bernarde, ambaye uhalali wake ulijengwa juu ya jambo ambalo mama yao hakuwahi kulisema.